«Turn a blind eye»: msemo wa Kiingereza ambao mwanafunzi hapaswi kuukosea

Mtu anayejifunza Kiingereza na kupenda kusoma habari za inchi yetu kwa lugha hiyo hatakaa siku nyingi bila kukutana na sentensi kama hii: «The world turned a blind eye.» Akifungua kamusi ataona kwamba «turn» ni kugeuza, «blind» ni kipofu na «eye» ni jicho. Akiyaunganisha atapata «dunia iligeuza jicho kipofu». Kila neno analijua, lakini sentensi nzima bado haimwambii kitu. Je, dunia ilikuwa mgonjwa wa macho? Ao ilikosa habari?

Hapana. «To turn a blind eye» ni kuona jambo lisilofaa, ao kujua vizuri kwamba liko, kisha kuamua kufanya kama hauoni. Katika Kiswahili cha redio na magazeti tunasema «kufumbia macho». Mtaani wengi husema «kufunga macho», sawa na Kifaransa «fermer les yeux». Uzito wa msemo uko katika ule uamuzi. Mtu ambaye kweli hakuona hawezi kusemwa kwamba «he turned a blind eye».

Tofauti hiyo inaonekana ndogo darasani. Nje ya darasa inaweza kumfukuzisha mtu kazi.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Kiingereza kimetukaribia. Kongo ilitia sahihi kwenye Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi wa Aprili 2022, na mwezi wa Julai mwaka huo huo ikawa mwanachama kamili. Mkataba huo, uliotiwa sahihi Arusha mwaka 1999, ulikipa Kiingereza nafasi ya lugha rasmi katika kifungu chake cha 137, na Kiswahili kikapewa kazi ya kuwa lugha ya mawasiliano kati ya raia. Mfanyabiashara anayepita Kasindi, Bunagana ao Mahagi hupokea karatasi za Kiingereza. Vijana wanaofanya kazi katika mashirika ya misaada huombwa kuandika ripoti kwa Kiingereza. Na ndugu zetu wengi waliokimbilia Uganda na Kenya huulizwa maswali kwa Kiingereza, mara nyingine kupitia mkalimani, mara nyingine bila yeye.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana analinda ghala la unga la shirika fulani. Wakati wa kuhesabu, mifuko kumi haionekani. Mkuu wake anamwomba aeleze kwa maandishi. Kijana anataka kusema kwamba hakuona mifuko ikitoka. Anakumbuka msemo mzuri aliousoma, na anaandika: «I turned a blind eye to the missing bags.» Kichwani mwake ameandika «sikuona». Lakini mkuu anayesoma anaelewa hivi: «Niliona mifuko inapotea, nikanyamaza.» Bila kujua, kijana amekiri kosa ambalo hakulifanya.

Sentensi aliyoihitaji ni rahisi kuliko hiyo: «I did not notice that the bags were missing.» Huyu wa pili ni mfanyakazi ambaye hakuwa makini, na anaweza kuonywa. Yule wa kwanza ni mshiriki wa mwizi.

Hatari ni hiyo hiyo kwa mkimbizi anayeulizwa kuhusu mambo mabaya yaliyotendeka kijijini kwake. Akisema «we turned a blind eye» akidhani anasema «hatukujua», amejiweka mahali pabaya yeye na majirani zake.

Jicho la admirali Nelson

Ili msemo ukae kichwani, inasaidia kujua hadithi ambayo Waingereza wenyewe huihadithia wanapoueleza. Inamhusu Horatio Nelson, kiongozi wa jeshi la majini la Uingereza, yule ambaye sanamu yake iko juu ya nguzo ndefu katika uwanja wa Trafalgar, London.

Mwaka 1794, wakati wa mapigano ya mji wa Calvi katika kisiwa cha Corsica, risasi ya mzinga ilipiga karibu naye na kurusha mawe na mchanga usoni. Jicho lake la kuume likapoteza nguvu ya kuona. Miaka mitatu baadaye, huko Tenerife, akapoteza na mkono wa kuume. Hata hivyo aliendelea na kazi ya vita.

Tarehe 2 Aprili 1801 alikuwa mbele ya mji wa Copenhagen, Denmark. Uingereza ilikuwa katika vita na Ufaransa, na merikebu zake zilikuwa zinasimamisha na kupekua vyombo vya biashara vya mataifa mengine. Urusi, Sweden, Prussia na Denmark zilifanya mapatano ya kulinda biashara yao, na Uingereza ikatuma merikebu kuyavunja. Mkuu wa msafara alikuwa Sir Hyde Parker. Nelson alikuwa wa pili wake.

Parker alibaki mbali pamoja na merikebu kubwa. Nelson aliingia na zile nyepesi, kwa sababu maji ya pale ni ya kina kifupi. Hata hivyo tatu kati ya merikebu zake zilikwama kwenye mchanga. Wadenmark walipigana kwa nguvu kuliko ilivyotazamiwa. Mnamo saa saba na nusu mchana, Parker aliona moshi na mizinga isiyonyamaza, akaogopa. Hapakuwa na redio zamani hizo. Amri zilitolewa kwa bendera. Akapandisha alama namba 39, yenye maana moja: acheni mapigano.

Nelson aliambiwa habari ya alama hiyo akiwa ndani ya merikebu iliyoitwa Elephant. Aliagiza alama yake mwenyewe ya kuendelea kupigana ibaki juu. Kisha, kama inavyosimuliwa, alimgeukia Thomas Foley, nahodha wa merikebu hiyo, akamwambia kwamba yeye ana jicho moja tu, kwa hiyo ana haki ya kuwa kipofu mara moja moja. Akaweka darubini kwenye jicho lile lisiloona, akasema kwamba kweli haoni alama yoyote.

Vita viliendelea. Mchana huo huo Nelson alipeleka barua nchi kavu kwa mwana wa mfalme wa Denmark, na mizinga ikanyamazishwa kwa mapatano. Mwezi uliofuata Parker aliitwa arudi Uingereza, na Nelson akachukua nafasi yake. Lakini ushindi haukuwa wa bure. Upande wa Waingereza zaidi ya watu 900 waliuawa ao kujeruhiwa, na upande wa Denmark walikuwa wengi zaidi. Nahodha Edward Riou, aliyeongoza kikundi cha merikebu ndogo, aliitii alama ya Parker. Alipoanza kugeuza merikebu yake ili aondoke, mzinga ulimpiga akafa.

Kuna wanahistoria wanaotilia shaka sehemu ya darubini. Wanasema huenda iliongezwa utamu baadaye. Tena maneno yanayofanana na msemo huu yalikuwapo katika Kiingereza kabla ya vita hivyo. Kwa hiyo tusiseme kwamba Nelson ndiye aliyeuzaa. Yeye aliupa umaarufu.

Kwa mwanafunzi, hadithi hii inafaa kwa sababu moja: Nelson aliijua alama. Aliambiwa, akaelewa, akatoa jibu. Jicho zima alikuwa nalo, lakini alichagua kutumia lile jingine. Ukikumbuka darubini ile, hautasahau kwamba mwenye kugeuza jicho kipofu anajua kinachotokea.

Namna ya kuutumia bila makosa

Wengi wetu tunaingia katika Kiingereza kwa mlango wa Kifaransa, na mlango huo una vizingiti vyake. Haya ndiyo makosa yanayotutega zaidi.

Kwanza, neno linalofuata ni «to». Kifaransa husema «fermer les yeux sur», na hapo mwanafunzi hushawishika kuandika «turn a blind eye on». Sahihi ni «turn a blind eye to corruption», «turn a blind eye to the noise».

Pili, jicho ni moja, na lina «a» mbele yake. Usiseme «blind eyes», wala «the blind eye», wala «my blind eye». Hata kama wanaosemwa ni watu mia moja, ni «they turned a blind eye». Msemo ni kama tofali lililochomwa: hauwezi kulichonga tena.

Tatu, kinachobadilika ni «turn» peke yake, kufuata wakati na mtendaji: «he turns», «they turned», «she is turning», «we have turned».

Nne, mtendaji anaweza kuwa mtu, kikundi, kampuni ao serkali. Lakini lazima awe na uwezo ao wajibu wa kufanya kitu. Mtoto wa miaka mitano anayepita karibu na mwizi hageuzi jicho kipofu. Polisi anayepita pale pale, anageuza.

Tuangalie mifano ya maisha yetu. Polisi wa barabarani anamwona motari amebeba abiria watatu bila kofia, na anamwacha apite: «The policeman turned a blind eye to the overloaded motorbike.» Msimamizi wa mtihani wa Dola anaona mwanafunzi ananakili, na anageukia dirisha: «The supervisor turned a blind eye to the cheating.» Baba mwenye nyumba anajua kwamba mpangaji wake amevuta umeme wa wizi, na hasemi kitu: «The landlord turned a blind eye.» Katika sentensi zote tatu kuna mtu anayejua, mwenye uwezo wa kusema neno, na aliyenyamaza.

Ndugu wa msemo, na wasio ndugu

Kuna misemo iliyo karibu sana na huu. «To look the other way», yaani kutazama upande mwingine, ina maana karibu ile ile. «To turn a deaf ear», kugeuza sikio kiziwi, ni kukataa kusikia ombo ao malalamiko: watu wanalia, kiongozi anajifanya hasikii. Hiyo pia inataka «to» nyuma yake.

Lakini kuna wengine wanaofanana nao kwa sura tu. «To overlook» inaweza kuwa kusamehe kosa kwa makusudi, lakini mara nyingi ni kupitwa na kitu bila kukusudia, kama vile kusahau mstari mmoja katika hesabu. «Blind spot» ni mahali ambapo jicho halifiki. Dereva wa lori haoni pikipiki iliyo ubavuni kwa sababu kioo hakionyeshi pale. Ukisema mtu ana «blind spot» kuhusu jambo fulani, unamaanisha kwamba yeye mwenyewe hajui kuwa haoni. Huyo hana hatia ya kujifanya.

Basi usiyachanganye haya matatu. Ambaye hakuona: «did not notice». Ambaye hawezi kuona mahali fulani: «has a blind spot». Ambaye aliona akajifanya haoni: «turned a blind eye».

Si kila kufunga macho ni uovu

Kamusi nyingi hutoa mifano ya rushwa na ukatili, na mwanafunzi anaweza kudhani kwamba msemo huu ni wa mambo mazito tu. Sivyo. Mama anajua kwamba mtoto amechukua andazi moja zaidi jikoni, na kwa siku ya sikukuu anaacha tu. Mwalimu anaona kijana amechelewa dakika tano, na anajua kwamba ametembea saa nzima kwa miguu; anaendelea na somo kama vile hakumwona akiingia. Hapo pia Kiingereza husema «she turned a blind eye».

Sisi pia tunajua huruma ya namna hiyo. Mzee akikaa kati ya wanaogombana, kuna maneno anayosikia na kuyaacha yapite ili watu wapatane. Lakini hata katika huruma, kiini hakibadiliki: mama alimwona mtoto, mwalimu alimwona mwanafunzi. Kinachobadilika ni uzito wa jambo lililoachwa.

Mahakamani pia

Wazo lililo ndani ya msemo huu limeingia hata katika sheria. Wanasheria wa Marekani husema «willful blindness», ambayo tunaweza kuiita upofu wa kujitakia. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya inchi hiyo iliamua kesi kuhusu chombo cha umeme cha kukaangia chakula. Kampuni ya SEB ya Ufaransa ilikuwa imevumbua chombo ambacho ukikigusa kwa nje hakiunguzi. Kampuni ya Pentalpha ya Hong Kong ilikinunua kimoja na kuiga namna kilivyotengenezwa. Kisha ikamwomba wakili achunguze kama kuna haki ya mvumbuzi inayokizuia chombo chake, lakini haikumwambia kwamba imeiga kile cha SEB.

Mahakama haikukubali kisingizio cha kutojua. Ilieleza kwamba upofu wa kujitakia una sehemu mbili: mtu anaamini kwamba kuna uwezekano mkubwa jambo ni la kweli, na anafanya vitendo vya makusudi ili asilithibitishe. Ni darubini ya Nelson tena, mara hii mikononi mwa wafanyabiashara.

Mkataba wa Roma uliounda Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2002, una jambo la karibu na hilo. Kifungu chake cha 28 kinazungumzia wajibu wa wakubwa kwa uhalifu wa watu walio chini yao. Kwa viongozi wasio wanajeshi, kinataja yule aliyejua, na pia yule aliyepuuza kwa kutaka habari zilizoonyesha wazi kinachotendeka. Kupuuza kwa kutaka: anayeelewa maneno hayo ameuelewa msemo wetu.

Tukirudi kwa «dunia»

Sasa tunaweza kuisoma vizuri ile sentensi ya mwanzo. Mwandishi anayesema «the world turned a blind eye» hatoi habari tu. Anashitaki. Anadai kwamba waliosemwa walijua, walikuwa na uwezo wa kufanya kitu, na walichagua kunyamaza. Msomaji wa Kongo ana haki ya kumwuliza: walijua nini, na walijua tangu lini?

Mara nyingine jibu lina tarehe. Tarehe 1 Oktoba 2010, Umoja wa Mataifa ulitangaza ile ripoti inayoitwa Rapport Mapping, iliyokusanya matukio 617 ya ukatili mkubwa katika inchi yetu kati ya mwaka 1993 na 2003. Daktari Denis Mukwege amekuwa akiomba mara nyingi kwamba ripoti hiyo isibaki katika kabati. Mtu anaweza kubishana kuhusu nani alijua nini kabla ya siku hiyo. Tangu siku hiyo, aliyeisoma ripoti hawezi kusema kwa Kiingereza «I did not notice». Akinyamaza, maneno yanayomfaa ni yale mengine.

Ni hivyo pia kwa madini. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayojulikana kwa jina la Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zinazouza hisa huko, na zinazohitaji bati, tantalamu, tungsteni ao dhahabu katika bidhaa zao, ziulize kama madini hayo yametoka Kongo ao inchi jirani, na zitangaze walichokipata. Watu wanabishana mpaka leo kama sheria hiyo ilimsaidia mchimbaji wa kwetu ao ilimwumiza. Lakini shabaha yake ilikuwa wazi: kampuni isibaki kusema «hatukujua» wakati haikuuliza.

Neno moja kuhusu «kipofu»

Mashirika kadhaa yanayoandika kwa Kiingereza siku hizi yanawashauri wafanyakazi wao wauache msemo huu, kwa sababu unaufanya upofu kuwa mfano wa ubaya. Ushauri huo una maana. Mtu asiyeona hajifanyi. Kosa lote la msemo ni la yule mwenye macho mazima. Ukiandika ripoti ya kazi na haujui mkuu wako anapendelea nini, tumia «deliberately ignored», yaani alipuuza kwa makusudi. Maana inabaki ile ile, na hakuna anayeumizwa.

Lakini kuuelewa unapousikia, hapo hakuna ruhusa ya kuukwepa. Utaukuta katika habari, katika mikutano na katika barua za kazi.

Kwa anayetaka kujipima, hizi ni sentensi tatu. Jaribu kuzitia katika Kiingereza kabla ya kusoma majibu. Ya kwanza: «Sikuona kwamba mlango ulikuwa wazi.» Ya pili: «Mlinzi alijua kwamba mlango uko wazi, akanyamaza.» Ya tatu: «Watu waliomba maji, hakuna aliyetaka kuwasikiliza.»

Majibu: «I did not notice that the door was open.» «The guard turned a blind eye to the open door.» «People asked for water, but everyone turned a deaf ear.» Kama katika ya kwanza uliandika «I turned a blind eye», rudi kwa kijana wa ghala na mifuko yake kumi, kisha ujaribu tena.